Birika la Wajane

Jumatano, 16 Oktoba 1991

Joto la kuchosha. Kila alasiri mawingu yanajikusanya juu ya mji, yananguruma kama wabunge, halafu yanaondoka bila kufanya kazi.

Leo Madame Marie-Thérèse alileta birika lake la kahawa. Bawaba ya kifuniko imelegea tena. Nilimwambia aliache hadi kesho, akakataa. Alisimama nyuma yangu na mkoba wake kwapani, akinitazama mikono kana kwamba ningelimeza lile birika. Ni Mbelgiji, mjane wa mhandisi Mwingereza. Ameishi Lubumbashi tangu ikiitwa Élisabethville, na Kiswahili alichojifunza ni cha kuamuru wapishi tu. "Leta. Ondosha. Apana vile." Kila tendo kwake ni amri.

Marehemu mume wangu Bilal, sonara aliyenifundisha kazi, alimvumilia kwa ajili ya birika, nami namvumilia kwa ajili hiyo hiyo. Ni fedha ya Kiingereza, nyembamba, nyepesi, yenye shanga ndogo ndogo kuzunguka mdomo na kipini cha mti mweusi. Chini yake kuna alama zilizogongwa: simba anayetembea, maana yake fedha ni halali, kichwa cha chui chenye taji, maana yake London, herufi ya mwaka, na herufi mbili za aliyelitengeneza, H na B, zimeandikwa kwa mkono wa madaha. Marehemu mume wa Madame ndiye aliyemweleza Bilal, na Bilal akanieleza mimi: ni Hester Bateman, mwanamke aliyefiwa na mumewe zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, akachukua karakana, akaandikisha alama yake mwenyewe.

Bilal alipofariki, kaka yake Asumani alikuja siku ya arobaini kuniambia kwamba mwanamke hakai kwenye moto wa sonara. Nilimwonyesha mlango. Kwa bahati mbaya mlango wenyewe ni wake, maana jengo la karakana ni la familia yao.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hakuna mkate mjini. Watu wamesimama kwenye mistari bila kujua mstari ni wa nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Sijawahi kuudharau mji huu kama leo.

Jana wanajeshi walianza. Hawajalipwa, wakasema, kwa hiyo wakavunja maduka ya katikati ya mji. Hilo nilielewa, ingawa sikulisamehe. Lakini leo asubuhi Katuba nzima, mtaa wetu, ilikwenda mjini kwa miguu, kama watu wanaokwenda misa, na mchana ikarudi imejitwika mali. Nilikaa mbele ya nyumba yangu nikawatazama wakipita. Mwanaume amebeba beseni la kuogea la wazungu, na nyumba yake haina bomba. Mwanamke amebeba mlango. Wengine wawili wanagombania mashine ya kupigia chapa, kila mmoja anavuta upande wake, na hakuna kati yao anayejua kusoma.

Halafu akapita jirani yangu Kabwe, katekista wa parokia, yule anayefundisha watoto amri za Mungu kila Jumamosi. Amevaa shati lake la Jumapili na kichwani ana kapu limefunikwa kitambaa.

"Papa Kabwe," nikamwita, "na wewe?"

"Mama Chadia, bantu bote banabeba. Mimi peke yangu nibakie mikono mitupu? Batasema nini?"

"Watasema wewe ni katekista."

Alicheka, akadhani nimetania.

Binti yangu Chadia alitaka kwenda kutazama. Nilifunga mlango nikaukalia ufunguo. Akanuna, akasema, "Mama, unazarau bantu bote."

"Wananirahisishia kazi," nikamjibu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Wanajeshi wa Kibelgiji na wa Kifaransa wamekuja kuchukua wazungu wao. Magari yanakwenda uwanja wa ndege tangu asubuhi. Nyumba ya Madame imebaki kuta. Wamebeba hata vigae. Nadhani naye amekwenda, akiwaamuru marubani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sasa fedha ya Kiingereza imehamia Katuba. Nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kununua makala, mkaa wa kupikia. Muuza samaki anapepea nzi kwa sinia lililogongwa alama ya Sheffield. Chombo cha kunyunyizia sukari, chenye matundu mazuri kama maua, kimejazwa pilipili. Mama mmoja anapakulia sombe, majani ya muhogo, kwa upawa wa supu, na kopo dogo la haradali limekuwa la tumbaku ya kunusa. Mafundi walikaa siku nyingi wakigonga vile vitu taratibu, wakivipasha moto na kuvipoza visipasuke, ili hatimaye vije kuokota makala.

Na uani kwa Kabwe, juu ya mbabula, jiko la makala, limesimama birika la Hester Bateman. Katekista anachemshia maji ya kunyolea ndevu.

Nilijizuia. Nikasema, "Papa Kabwe, hicho kibirika ni kidogo sana."

"Kadogo, Mama. Na kanachoma mukono. Bazungu banajua kutengeneza bintu bya bure kabisa."

"Mimi nina birika kubwa la aluminiamu. Linatosha maji ya nyumba nzima. Tubadilishane?"

Alinitazama kwa mashaka, kisha kwa huruma, kama mtu anayeona mjane akipoteza akili. Akanifuata hadi kwangu, tukabadilishana. Alipokuwa akiondoka na birika langu alitembea haraka, asije akasikia nimebadili nia.

Nimelifunga kwenye gunia la unga, nyuma ya kitanda. Chadia ameniuliza nitalifanyia nini. Sijui. Ninachojua ni kwamba hawalistahili. Huenda hata Madame hakulistahili.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatano, 6 Novemba

Shemeji Asumani alikuja karakanani na magunia mawili. Aliyamwaga mezani na kelele zake zikaniingia kwenye meno: uma, vijiko, visu, masinia yaliyokunjwa ili yaingie gunia. Amezunguka mitaa ya Katuba na Kenya akibadilishana na watu kwa sabuni na chumvi.

"Shemeji, washa moto," akasema. "Yeyusha byote. Tutengeneze bangili za arusi. Bantu banaoa hata kama kuko vita."

Nilichukua uma mmoja nikaugeuza. Jino moja lilikuwa limelehemewa, na mshono ulikuwa wa Bilal. Ningeutambua gizani.

"Hivi ni vya watu," nikasema.

"Bantu gani? Balikimbia."

"Bilal alivirekebisha hapa, kwenye meza hii. Walimkabidhi."

"Bilal alikufa. Shemeji, feza iko feza. Moto haijue Kiingereza."

"Basi moto huo hautawashwa na mimi."

Alivuta pumzi kama mtu mwenye subira nyingi. Kisha akanyoosha mkono akadai ufunguo. Nikampa. Nilibeba nyundo zangu, koleo langu na mvukuto mdogo, vile ambavyo Bilal aliniachia kwa jina langu mbele ya mashahidi. Nilipotoka mvua ilikuwa inapiga. Hakuniambia nisubiri ipungue.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Nimepaka nyundo mafuta zisishike kutu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepanga meza ndogo chini ya kibanda cha uani. Kazi ya leo: miwani ya mwalimu mmoja, na sufuria lililotoboka. Sonara wa mjini, mwanafunzi wa Bilal, anaziba sufuria.

Jumanne, 19 Novemba

Habari imenifikia, na nimecheka hadi Chadia akanishika bega.

Shemeji aliajiri mtu wa kuyeyusha, fundi wa rejeta za magari. Mtu yule akatupa visu vyote motoni, pamoja na vipini vyake. Mtoto wa sonara angejua kwamba vipini vya visu vya zamani vya Kiingereza vina uwazi ndani na vimejazwa utomvu. Vikipata moto vinapasuka kama risasi. Majirani walidhani wanajeshi wamerudi. Masharubu ya shemeji yameungua, na fedha iliyobaki imechanganyika na risasi ya kulehemu na chuma, haifai hata kutengenezea ndoana.

Sikupaswa kucheka sana. Katika moto ule ulikuwamo pia ule uma.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Kabwe ana mdomo. Tangu siku ile amekuwa akimsimulia kila mtu jinsi alivyompiga bao mjane wa sonara: birika kubwa kwa kibirika cheusi kidogo! Amesimulia parokiani, amesimulia kwenye pombe, na leo hadithi ikamfikia Asumani. Asumani akaelewa mara moja ni birika la nani. Yeye ni mwizi, si mjinga.

Alikuja mchana na wanajeshi wawili. Mmoja alibaki barabarani, mwingine akaingia uani na bunduki yake, akaanza kupindua mabeseni ya nguo. Chadia alikuwa amesimama mlangoni. Yule mwanajeshi alimwangalia namna ambayo ilinifanya nisahau birika kabisa.

"Shemeji," Asumani akasema, hakunitazama usoni, "toa ile kintu tuende. Sitaki matatizo na wewe."

"Umekuja nayo," nikamwambia. "Yale pale, yana bunduki."

Sijui ningefanya nini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme liko nyuma ya kitanda, Mungu anajua. Hapo Kabwe akapita juu ya ua wa mabati, mzee mzima, suruali ikanasa ikachanika, akaanguka miguuni petu kwenye matope.

"Munatafuta kabirika kale?" akasema akijipangusa. "Hakako huku. Huyu mama alikuwa na hasira kwangu, alinirudishia. Akasema nilimuibia. Mimi nilikauzisha kwa dereva wa lori ya Zambia."

"Lini?" Asumani akauliza.

"Siku ya Watakatifu bote."

"Dereva gani?"

"Mutu mufupi. Ana kofia."

Uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusikia. Siku ya Watakatifu Wote hakuna lori lililotembea, na kila dereva wa Zambia ana kofia. Mwanajeshi alimwendea, akamwuliza kama anaapa. Kabwe akainua mkono wa kulia, mkono uleule anaowafundishia watoto ishara ya msalaba, akaapa kwa sauti. Mwanajeshi akampiga kitako cha bunduki mdomoni.

Alianguka. Akainuka na damu kidevuni, akaapa mara ya pili.

Nadhani ni hiyo mara ya pili iliyowashinda. Mwanajeshi alikuwa amechoka, mvua ilikuwa inakuja, akachukua redio yangu na birika la aluminiamu lililokuwa uani kwa Kabwe, wakaondoka. Asumani alikuwa wa mwisho kutoka. Alitaka kusema neno. Nikamgeuzia kisogo.

Chadia alimwosha Kabwe uso. Amepoteza meno mawili ya mbele.

"Kwa nini ulifanya vile?" nikamwuliza.

"Mama Chadia," akasema, na maneno yalikuwa yanavuja upepo, "mudomo yangu ndiyo ilibaleta. Mudomo yangu ndiyo ilipaswa kubarudisha."

Sikupata dharau ya kumjibu. Nilitafuta.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimempelekea Kabwe uji. Mke wake aliniangalia kana kwamba nimekuja kuiba kiti.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua siku nzima. Ukuta wa nyuma umeanza kubonyea. Mtu mmoja ameleta beseni la kuogea nilizibe tundu. Nilimwambia nizibe la nini, hana bomba. Akasema watoto wake wanalala humo maji yakiingia ndani. Nimeziba bila kudai kitu.

Jumanne, 17 Desemba

Kabwe anafundisha katekisimu bila meno. Watoto wanamwigiza. Nimemvuta mmoja sikio.

Jumatatu, 30 Desemba

Madame hakwenda popote.

Alikuja leo asubuhi kwa miguu kutoka mjini, kwenye matope, na mwavuli wa mtu mwingine. Siku ya vurugu mpishi wake alimtoa kwa mlango wa nyuma, akampeleka kwa masista, na magari yalipokuja kuchukua wazungu alijificha kwenye chumba cha kufulia nguo ili asichukuliwe. Alisema hivyo kwa kiburi, kana kwamba ubishi ni cheo. Sasa masista wanafunga nyumba ya wageni. Ijumaa gari lao linakwenda Ndola, Zambia, kutafuta dawa, na watampeleka kwa mpwa wa marehemu mumewe.

Nilimkalisha kwenye kiti chetu kizuri. Viatu vyake havikuwa jozi moja. Sikujua kwamba ni mdogo hivyo. Miaka yote alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Wewe naona birika yangu?" akauliza. "Bantu naleta kwako bintu?"

Chadia alikwenda chumbani bila kuniuliza, akarudi na gunia la unga.

Madame alilishika birika mapajani. Alifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua. Akanusa ndani. "Sabuni ya ndevu," akasema kwa Kifaransa, na sura yake ikakunjamana, nikadhani atalia. Hakulia. Alinisukumia birika.

"Yeyusha."

Nilidhani sijasikia.

"Yeyusha. Fanya kipande kidogo. Mimi nashona ndani ya nguo. Pale Kasumbalesa, mpaka, basoda ya bunduki nakamata yote. Birika nakamata. Kipande apana ona."

Nilisimama. Niliyomwambia siyaandiki yote. Nilimwambia nimefukuzwa karakanani kwa sababu ya vyombo vya wateja kama yeye. Nilimwambia mwanangu alitazamwa na mwanajeshi, jirani yangu ametemea meno kwenye matope, na yeye anakuja hapa kuniamuru niwashe moto ambao niliukataa kwa shemeji yangu. Nilimwambia aliyelitengeneza alikuwa mwanamke aliyefiwa kama mimi na kama yeye, na kama Madame anataka kumyeyusha amtafute fundi wa rejeta.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, kwa Kifaransa, maana Kiswahili chake hakikuwa na maneno hayo: "Sina kitu kingine, Alima. Nikifika kwa yule kijana mikono mitupu, mimi ni mzigo tu."

Ndipo nikaelewa kwamba haikuwa ujinga. Ilikuwa hofu, tena hofu yenye hesabu nzuri. Ilinikera kugundua hivyo. Ni rahisi zaidi kumdharau mtu aliyesimama nyuma yako.

"Litapita zima," nikasema. "Niachie."

Jumatano, 1 Januari 1992

Mwaka mpya. Kazi ya sonara ni kung'arisha. Leo nimefanya kinyume chake.

Nilichemsha mayai, nikayaponda pamoja na ganda, nikalifungia birika humo ndani ya mfuko wa plastiki hadi likawa jeusi kama mtu aliyeanguka kisimani. Kabwe akaleta kuni mbichi, tukalining'iniza juu ya moshi, tukalipaka mafuta ya mawese, tukalirudisha. Masizi yakashika tabaka juu ya tabaka. Shanga za mdomoni zikapotea. Alama za chini nilizifunika kwa uji wa unga uliochomwa. Kipini nilikizungushia mpira wa ndani wa baiskeli na waya.

Katikati ya kazi, shemeji Asumani alikuja. Peke yake, bila bunduki, bila masharubu. Alisimama nje ya kibanda mvua ikimnyea. Alisema wateja wamehama, wanauliza mke wa Bilal yuko wapi. Alisema pengine nirudi. Birika lilikuwa mbele ya macho yake, linanuka mawese na mayai, na hakuliangalia hata mara moja.

"Nitafikiri," nikasema, "ukinipa ufunguo na hati ya kupanga yenye jina langu, si la marehemu."

Alinung'unika, akaenda. Kabwe alicheka kwa pengo lake lote.

Ijumaa, 3 Januari

Nilipanda gari la masista pamoja na Madame. Nilisema nina shangazi Kasumbalesa. Sina shangazi popote.

Birika lilikuwa kwenye kapu, limejaa maharage ya jana. Njia nzima mvua ilikuwa mbele yetu, tukaikuta kwenye kizuizi. Wanajeshi walitushusha wote. Walichukua saa ya dereva. Walifungua sanduku la Madame, wakatoa shuka, wakatoa na koti. Halafu mmoja, kijana mwenye kikohozi, akalitoa birika kapuni.

Madame alikuwa kando yangu. Mkono wake ukashika kitenge changu, ukakikamata kwa nguvu.

Mwanajeshi alifungua kifuniko, akatia kidole kwenye maharage, akakilamba.

"Mama, bazungu nabo banakula maharage?"

"Sasa hivi wanakula," nikasema.

Aliligeuza upande, akaona mpira wa baiskeli. Masizi yakampaka vidole, akajifutia kwenye suruali yake kwa kinyaa. Nilimwangalia yule mwizi mwenye sare akikishika mkononi kitu cha thamani kuliko vyote vilivyopita mpakani ile wiki, na akakirudisha kapuni kwa ncha za vidole.

"Enda na umaskini yako," akamwambia Madame. Akachukua mwavuli.

Madame alivuka kwa miguu, sista mmoja akimshika kiwiko. Mimi nilibaki upande wetu, nyuma ya kamba. Nilipomwona amefika ng'ambo, anasimama, anageuka, anarudi hadi kwenye kamba kabisa, nilijiandaa. Nilikuwa hata nimeshatengeneza uso wa kupokea maneno mazuri.

Alikuwa ameufungua ule mpira wa baiskeli.

"Alima! Kipini!" alipaza sauti, mvua ikimtiririka puani. "Wewe nachoma kipini! Tazama! Mti nakuwa makala!"

Ni kweli. Moto ulikifikia juu ya zile kuni, masizi yakanificha, kimeungua nusu.

"Rudisha kwa Pâques, Pasaka!" nikampigia kelele. "Nitakuwekea kingine!"

Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeshinda kesi. Akaenda zake, kapu mkononi.

Nilicheka kutoka Kasumbalesa hadi mjini. Dereva wa lori lililonirudisha alidhani nimepatwa na malaria.

Jumamosi, 4 Januari

Jua kidogo asubuhi. Nimemsimulia Kabwe habari ya kipini. Akasema anacho kipande cha mpingo, kizuri, kikavu, kinatosha kabisa. Alikwenda akakileta. Ni mguu wa kiti, umechongwa kwa ustadi mkubwa.

Sikumwuliza ni kiti cha nani.